Karatasi ya Badiliko Namba Tatu

"Nipe rangi yoyote, mama, ilimradi izibe ufa," mteja alisema, akaegemea kaunta kama mtu aliyefika kwake.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa amechanganya rangi katika duka lile la vifaa vya ujenzi kwa miaka tisa, na mtaa mzima ulimwita Mama Rangi. Alifungua kopo, akaliweka chini ya mashine. "Rangi haizibi ufa, inauvalisha nguo tu. Ufa wenyewe mkubwa?"

"Aa, wangu mdogo. Si kama ule wa shule!" Mteja akacheka peke yake. "Umeusikia? Bimu ya ukumbi imepasuka katikati kama mkate wa juzi. Plasta imeanguka kwenye benchi ambalo watoto walikuwa wameliacha dakika kumi tu kabla. Yule mkandarasi kala saruji, si bure. Siku hizi wanamwita Bwana Ufa."

Mkono wa Mama Rangi ukaminya kichupa cha rangi nyeusi kuliko alivyokusudia. Kopo zima la krimu likageuka majivu. Alilitazama, akalifunika, akalisukuma pembeni kwa mguu, akachukua jingine. Bwana Ufa alikuwa mume wake.

Mteja alipokwenda zake, mwenye duka alitoka ofisini akijikuna shingo. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo upole wake ulimpa taabu.

"Mama, wiki hizi mbili tatu ungekaa stoo. Si kwa ubaya. Mafundi wakija hapa mdomo hauna breki, sitaki wakuumize."

"Unanionea huruma au unanificha?"

Mwenye duka alifikiri. "Vyote viwili," alisema.

Basi akahamia stoo, akaanza kuhesabu misumari.

*

Kabla ya ufa, mumewe alikuwa na jina jingine. Mafundi walimwita Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye pande la shaba alioutembeza mfukoni na kuuning'iniza kwenye kila ukuta, hata kuta za nyumba za watu alizoalikwa kula. Ukuta ulioinama kwa upana wa ukucha aliubomoa mwenyewe kabla mwenye nyumba hajauona. Mtu wa namna hiyo kuambiwa kala saruji!

Sasa hakukaa. Alikula amesimama, alisoma barua za shule akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, na akifika dirishani alisahau alichosoma, anaanza upya. Mkewe alichoka kumtazama kama mtu anayetazama panka.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulimeza. Ramani iliyopitishwa na manispaa ilikuwa na nguzo mbili katikati ya ukumbi, na juu ya ukumbi maktaba. Jengo lilipomalizika nguzo hazikuwepo. Vitabu vilipopangwa maktaba, bimu iliyobeba yote ikalegea, ikapasuka. Mwenye shule na Mhandisi aliyesimamia mchoro walisema kwa sauti moja: mkandarasi aliziondoa nguzo kwa akili zake ili aokoe nondo na zege. Walitaka abomoe, ajenge upya kwa mfuko wake, alipe na fidia. Mkataba ulisema ugomvi wowote upelekwe kwa msuluhishi, na msuluhishi alikuwa amepanga kulisikiliza shauri baada ya wiki mbili.

Jumamosi asubuhi wakili alikuja nyumbani. Alikuwa binti mdogo wa umri, mwembamba, mwenye begi zito lililompinda bega. Alikaa kwenye meza ya chakula pamoja na Timazi, Mama Rangi, na mdogo wake Timazi aliyekuwa akimalizia uji. Huyu mdogo aliishi nao. Alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya Mhandisi yuleyule, na kwa sababu hakutembea bila penseli sikioni, hata kwenye mkeka wa kulalia, jina lake likawa Penseli.

"Zege lako ni jema," wakili alimwambia Timazi. "Wamelitoboa wenyewe, wakapeleka vipande maabara, wakanyamaza. Tatizo si zege. Tatizo ni nguzo. Nani alikwambia uziondoe?"

"Niliambiwa."

"Kwa karatasi?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo wa nani?"

Timazi aliinuka, akaenda dirishani. "Sikumbuki."

Wakili aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, una daftari hapa limeandika mpaka toroli la mchanga lililomwagika njiani. Unakumbuka toroli, hukumbuki nguzo mbili?"

"Nimesema sikumbuki."

Penseli alibeba bakuli lake hadi jikoni. Mama Rangi alisikia maji yakifunguliwa, yakafungwa, yakafunguliwa tena. Bakuli moja la uji lilioshwa siku hiyo kama sufuria ya harusi.

"Bila karatasi," wakili alisema akifunga begi, "aliyeamua ni wewe. Na aliyeamua ndiye anayelipa. Sitaki nikudanganye."

*

Jumatatu, siku ambayo Mama Rangi hakwenda dukani, binti yao wa miaka kumi na mmoja alirudi nyumbani saa nne asubuhi na barua mkononi. Alikuwa akisoma shule ileile. Barua ilikuwa na adabu nyingi. Ilisema kwamba, kwa manufaa ya mtoto mwenyewe na kwa kuzingatia mazingira yaliyopo, ingefaa wazazi wamtafutie shule nyingine.

"Walikwambia nini?" Mama Rangi aliuliza.

"Hawakuniambia kitu. Mwalimu alinipa begi langu." Mtoto alivua viatu, akavipanga sawasawa karibu na mlango. "Mama, eti baba aliiba?"

"Hapana."

"Nilijua. Lakini nilitaka wewe useme."

Shule ya serikali ilitaka cheti cha kuzaliwa. Mama Rangi alifungua sanduku la bati la nyaraka, akaanza kupekua. Hati ya kiwanja. Cheti cha ndoa. Kadi za kliniki. Chini kabisa, chini ya cheti alichokitafuta, kulikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kidole cha saruji pembeni. Aliikunjua juu ya kitanda.

Ulikuwa mchoro wa ukumbi wa shule. Juu yake iliandikwa: Badiliko Namba Tatu. Nguzo mbili za kati zilikuwa zimepigwa mkasi wa wino mwekundu, na kando yake maneno: *Ziondolewe kwa ombi la mwenye mradi. Bimu ibaki kama ilivyo.* Mahali pa muhuri hapakuwa na muhuri. Palikuwa na saini, na kabla ya saini herufi tatu: k.n.y., yaani kwa niaba ya Mhandisi.

Hakuhitaji kuambiwa saini ni ya nani. Mwandiko ule ulikuwa dukani kwake, kwenye vibandiko vya makopo ya rangi ambavyo shemeji yake alimwandikia kwa hisani, saba zote zimekatwa kiunoni kwa kamstari. Tarehe ya karatasi ilikuwa na saba mbili.

Mama Rangi alikaa kitandani. Kwa hiyo karatasi ilikuwepo. Mumewe alikuwa nayo siku zote, ameilaza chini ya cheti cha mtoto, na kila siku anatembea mlangoni hadi dirishani akisema hakumbuki.

Alimjaribu jioni ileile, kwa mbali. "Baba, hivi kweli hukupewa hata kijikaratasi?"

Timazi alikuwa akifunga kamba za viatu ingawa hakuwa na pa kwenda. Mikono ilisimama. "Mama, usinichimbe."

"Nakuuliza tu."

"Mimi nikifilisika nitaanza tena na toroli. Nilianza na toroli. Kuna watu hawawezi kuanza na toroli." Akakaza fundo, akaondoka, akazunguka mtaa mara tatu.

Alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Mama Rangi aliielewa hesabu yake yote. Wazazi wao walipofariki, Timazi alikuwa na miaka kumi na tisa, na huyu mdogo sita. Alimbebea zege mpaka akamtoa chuoni. Hakumzaa, lakini alimjenga, na jengo hilo hakuwa tayari kuliona likianguka.

Alielewa, na bado hasira ilimpanda. Maana katika hesabu ile binti yake hakuwemo, wala yeye.

*

Kesho yake, saa ya chai, alimsubiri Penseli nje ya ofisi ya Mhandisi, kwenye kibanda chenye mabenchi mawili. Alipomwona shemeji yake, kijana alianza kutabasamu, kisha akaona uso wake, tabasamu likafia njiani.

"Shemeji. Kwema?"

"Kaa."

Alikaa. Mama Rangi hakutoa karatasi. Aliitaja tu: namba yake, tarehe yake, wino wake. Penseli alichukua penseli sikioni, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilidhani imepotea saiti," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka hajaniuliza hata siku moja. Nikasema, basi imepotea."

"Nieleze ilivyokuwa. Usinipige chenga."

Ikamtoka yote. Mwenye shule alikuwa amekuja ofisini mwenyewe, analalamika kwamba nguzo zitawaziba wazazi wasione watoto wao jukwaani siku ya mahafali. Mhandisi alikuwa safarini. Penseli alimpigia simu, na Mhandisi akajibu: mama huyo wa shule amenikalia kooni mwezi mzima, mchoree anachotaka, mpelekee mkandarasi, nikirudi nitaihesabu bimu na kuweka muhuri. Penseli alichora. Alirudi Mhandisi, akawa na miradi mingine, bimu haikuhesabiwa.

"Nilimkumbusha mara mbili, shemeji. Mara ya tatu niliogopa kumkera."

"Na sasa anasemaje?"

"Anasema saini ni yangu, si yake. Nikifungua mdomo nitakwenda ndani mimi." Aliigeuza penseli vidoleni. "Wameniandika shahidi. Upande wao. Niseme ofisi haikutoa karatasi yoyote."

Mama Rangi alimkumbuka alivyokuwa wakati yeye anaolewa, kijana wa sekondari, anakula mara mbili na kuona aibu mara tatu. "Na utasema?"

"Shemeji, nikisema ukweli nimekwisha. Hakuna ofisi itakayonigusa."

"Usiposema, tumekwisha sisi. Mtoto kashafukuzwa shule. Mimi nahesabu misumari stoo. Kaka yako anaitwa mwizi na watu asiowajua." Aliinuka. "Sikulazimishi. Wewe ni mtu mzima. Lakini ujue karatasi ninayo, na kaka yako hajui kwamba ninayo."

Jioni hiyo Penseli hakurudi nyumbani. Alituma ujumbe kwamba atalala kwa rafiki, kazi ni nyingi. Timazi aliusoma, akamtazama mkewe. "Umemwambia nini mdogo wangu?"

"Nimemsalimia."

Kwa siku nane zilizofuata nyumba ile haikutulia hata kidogo. Chakula kilipikwa, kikapoa. Mama Rangi aliihamisha karatasi kutoka sandukuni hadi chini ya godoro, kutoka chini ya godoro hadi kwenye mkoba wa kazi, kutoka kwenye mkoba hadi sandukuni tena. Mara mbili alipanda ngazi za ofisi ya wakili, mara mbili akateremka kabla ya kubisha. Akimpa wakili, amemuuza shemeji yake na kumvua nguo mumewe. Asipompa, amemuuza binti yake. Alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hakuna ulipompeleka.

*

Shauri lilisikilizwa katika chumba cha mikutano cha kukodi, chenye meza ndefu na panka lililokwaruza kila lilipozunguka. Msuluhishi alikuwa mzee aliyestaafu ujenzi, mwenye vidole vinene na miwani iliyofungwa kwa uzi. Upande mmoja alikaa mwenye shule, mkufunzi wa zamani aliyenyooka kama rula, na Mhandisi katika shati jeupe, na wakili wao. Upande wa pili Timazi, katika koti la kuazima lililombana kwapani, na wakili wake mwembamba. Mama Rangi aliruhusiwa kukaa kwenye kiti cha ukutani. Mkoba ulikuwa mapajani.

Timazi aliulizwa tena, na alijibu vilevile: aliambiwa kwa mdomo, hakumbuki na nani. Mwenye shule alitikisa kichwa kwa huzuni, kama anayemsikiliza mwanafunzi aliyeshindwa hesabu rahisi.

Kisha akaitwa Penseli. Aliingia bila penseli sikioni, na sikio lake lilionekana tupu ajabu. Hakumtazama kaka yake.

"Ofisi yenu," wakili wa shule aliuliza, "iliwahi kutoa karatasi ya kuondoa nguzo za ukumbi?"

Panka lilikwaruza. "Hapana," Penseli alisema.

Na Mama Rangi, aliyekuwa akimtazama mumewe na si shahidi, aliona mabega ya Timazi yakishuka taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mumewe alikuwa amefurahi! Amepoteza jina, kazi, shule ya mwanawe, na amefurahi kwa sababu mdogo wake yu salama. Kitu fulani ndani ya Mama Rangi kikakatika. Alisimama, akavuka chumba kwa hatua nne, akaweka karatasi mbele ya wakili wa mumewe.

Wakili aliikunjua. Alisoma. Macho yakamtoka, na kwa mara ya kwanza akaonekana umri wake. Upande wa shule wakapinga kwa kelele: karatasi imechelewa, haijulikani imetoka wapi. Msuluhishi alinyoosha mkono wake mnene, akaichukua, akaigeuza, akaigusa alama ya saruji kwa kidole.

"Tutaona ina uzito gani," alisema. "Mwulizeni kwanza mkandarasi kama anaitambua."

Karatasi ikapelekwa kwa Timazi. Aliitazama. Kisha akageuza shingo, akamtazama mkewe, na Mama Rangi hakuwahi kutazamwa hivyo katika miaka kumi na minne ya ndoa.

"Siitambui," Timazi alisema.

"Mzee," wakili wake alimnong'oneza, "hii ndiyo inayokuokoa."

"Sijawahi kuiona. Sijui imetoka wapi."

Wakili wa shule alicheka wazi. "Basi tumshukuru mama. Kumbe nyumbani kuna mchoraji! Tunaambiwa huwa anachanganya rangi dukani. Wino mwekundu ulimshinda nini?"

Mwenye shule naye akatabasamu. Mama Rangi alibaki amesimama katikati ya chumba, mkoba wazi, uso unawaka. Aliitwa mghushi mbele ya watu, na aliyemfikisha hapo alikuwa mume wake mwenyewe. Msuluhishi akamwonyesha kiti. Alikwenda, akakaa, kwa sababu hakujua la kufanya na miguu yake.

"Ni yangu," sauti ilisema.

Watu wakageuka. Penseli alikuwa bado kwenye kiti cha shahidi, ameishika meza.

"Kaka anadanganya. Anaijua. Nilimpelekea mwenyewe saiti, mkononi, akanishika bega akaniuliza, bimu hii itaweza? Nikamwambia Mhandisi ataihesabu." Sauti ilipasuka, akaikaza. "Nimechora mimi. Mwenye shule alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anaonyesha kwa kidole nguzo za kutoa. Mhandisi aliniambia kwa simu nipeleke. Mimi ndiye niliyesema hapana sasa hivi, na nimesema uongo."

"Kijana," Mhandisi alisema polepole, "fikiria maisha yako."

"Nyamaza wewe!" Timazi alikuwa amesimama, koti limechanika kwapani kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Hakujulikana anamwambia Mhandisi au mdogo wake. "Nyamaza, nakwambia, nyamaza!"

"Siwezi, kaka. Umedanganya kwa ajili yangu ukimfanya shemeji mwongo. Hilo siwezi."

Timazi alikaa. Akauficha uso wake kwa viganja vyake vikavu, na msuluhishi, ambaye alikuwa na haraka na kila kitu, akasema watu wapumzike robo saa.

*

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tano, kurasa kumi na nane. Sehemu kubwa ya lawama aliwekewa Mhandisi, kwa kuruhusu badiliko asilolihesabu na kisha kulikana. Mwenye shule alipewa yake, kwa kushinikiza. Timazi naye hakutoka mikono mitupu: mkandarasi mwenye uzoefu, iliandikwa, hajengi kwa karatasi isiyo na muhuri, hata ikiletwa na ndugu yake. Alilisoma neno hilo mara nyingi. "Ni kweli," alisema, na hakusema zaidi. Aliagizwa arudishe nguzo mbili mahali pake, kwa gharama ya ofisi ya Mhandisi.

Penseli alifukuzwa kazi siku ileile ya ushahidi. Vifaa vyake alivikuta getini, ndani ya katoni ya sabuni. Hakwenda ndani kama alivyotishwa, lakini ofisi tatu alizoomba kazi zilimwambia watampigia. Akawa kibarua wa kaka yake, anachanganya zege, viganja vinavuja malengelenge.

"Unajuta?" Mama Rangi alimuuliza siku moja akimfunga kitambaa.

"Asubuhi najuta. Jioni nikilala, nalala kweli." Akaguna. "Taratibu, shemeji, unaniua."

Mumewe hakuwa akizungumza naye. Hakumgombeza, hakumwita jina baya, alimpitishia maneno kwa binti: mwambie mama yako maji yameisha, mwambie mama yako nitachelewa. Mtoto alibeba ujumbe kutoka chumba hadi chumba kama tarishi, mpaka siku moja akasimama mlangoni akasema, "Mimi nimechoka, pigianeni simu." Penseli alicheka mpaka akakohoa. Timazi hakucheka. Mama Rangi naye hakubembeleza. Alikuwa amerudi kaunta, mafundi walimsalimu kwa adabu mpya iliyomkera kuliko matusi, na moyoni alikuwa na lake: yule aliyemwacha amesimama peke yake katikati ya chumba, na aje aseme mwenyewe.

*

Nguzo zilisimama, zege likakauka siku zake zote. Siku ya kuondoa mirunda iliyoishikilia bimu, Mama Rangi alikwenda saiti. Hakualikwa. Aliomba ruhusa dukani, akasimama kwenye mlango wa ukumbi pamoja na mafundi, kila mtu nje kama Timazi alivyoagiza. Ndani palibaki Timazi mwenyewe na fundi mmoja wa nyundo, wakigonga kabari moja moja. Mrunda ukilegea, unalazwa chini, wanasogea.

Ilipobaki mirunda minne, Penseli alimpita Mama Rangi, akaingia, akasimama chini ya bimu, katikati kabisa, pale ulipokuwa ufa.

"Toka," Timazi alisema.

"Sitoki, kaka."

"Toka nje! Huu si mchezo."

"Nilichora nikiwa ofisini, nimekaa kitini. Leo nisimame chini yake." Aliinua uso, akaitazama bimu. "Gonga tu."

Fundi wa nyundo alimtazama mkuu wake. Mama Rangi alitaka kupiga kelele kwamba wote wawili wana wazimu, watoke, nguzo haziombwi msamaha. Kabla hajafungua mdomo, Timazi alichukua nyundo mkononi mwa fundi, akamwambia atoke. Kisha akaanza kugonga mwenyewe. Mrunda wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kwa ule wa mwisho alikuja kusimama bega kwa bega na mdogo wake, akapiga kabari kwa upande.

Bimu ilikaa juu ya nguzo kwa mlio mfupi, mkavu. Vumbi kidogo likamwagika likawakalia kichwani. Timazi alihesabu kwa midomo, hakuna ajuaye mpaka ngapi, kisha akainua mkono, akapiga bimu ile kofi, kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni.

Alitoka nje akikunguta nywele. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya mkewe, mbele ya mafundi wote, na kwa muda ilionekana kama atampita.

"Siku ile," alisema, "nilijua ni kweli. Nikakuacha usimame peke yako."

"Ndiyo," Mama Rangi alisema. "Uliniacha."

"Na ingekuwa leo, sijui. Pengine ningekuacha tena." Sauti yake ilikuwa nzito kwa vumbi. "Nakwambia hivyo usije ukadhani mimi ni mtu mwema."

Mafundi walikuwa wameanza kujifanya wanatafuta vifaa vyao. Mama Rangi alimtazama mtu huyu ambaye hangeweza kuuvumilia ukuta ulioinama kwa upana wa ukucha. Hakumwambia yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Alinyoosha mkono, akampangusa vumbi kwenye nyusi, moja, kisha nyingine, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mwite shemeji atoke," alisema. "Bado amesimama mle."